Mraba Kwenye Kopo la Siagi ya Karanga

Kila akitoka shule, Sekela alivua sare, akanawa mikono na kuketi uani kwao, Tabata, kumsaidia mama yake kubandika lebo kwenye makopo ya siagi ya karanga. Mama alichambua, akakaanga na kusaga mwenyewe. Hata hivyo wateja walisita, maana mtaani zilivuma habari za wauzaji wanaochanganya unga.

Ndipo binamu yao Gibson, mwenye duka la steshenari, alipowaletea lebo zenye mraba wa vidoa vyeusi na vyeupe.

"Vidoa hivi ni maandishi ya kusomwa na kamera ya simu," alimweleza Sekela. "Miraba mitatu ya pembeni inaionyesha kamera upande wa juu. Humu mna anwani ya ukurasa wetu wa mtandaoni."

Sekela alipaka siagi kidogo juu ya vidoa. Simu ikasoma vilevile. Akabaki ameduwaa.

"Vilivyobaki wazi vina akiba ya habari za vilivyofichika," Gibson alisema akicheka, kisha akamwachia kazi ya kuweka kwenye ukurasa video ya kuwaonyesha wateja siagi inavyotengenezwa.

Sekela alilitazama jiko lao la mkaa, akaona haya. Akaweka video ya kiwanda chenye mashine zinazong'aa, aliyoipata mtandaoni.

Siku chache baadaye alibisha hodi Bi Mwanaheri, mwenye duka Vingunguti.

"Shikamoo, mama," Sekela aliamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimeskani kopo lenu kwa simu, nikatazama video, nikaona nije mwenyewe. Kiwanda kiko wapi? Nataka kuuza siagi yenu dukani kwangu."

"Kiwanda?" Mama aliuliza, akamgeukia Sekela.

"Hakuna kiwanda, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Video ile niliiweka mie. Niliona aibu na jiko letu."

Bi Mwanaheri akageuka kama anayeondoka. Kisha akausogelea ungo wa karanga uliokuwa pale uani, akatafuna karanga moja taratibu.

"Zilizooza mnazipeleka wapi?"

Mama akamwonyesha ndoo ya karanga zilizotupwa. Bi Mwanaheri aliinama kuitazama.

"Haya ndiyo ya kuwaonyesha watu," alisema. "Wekeni video ya kweli, nami nitachukua mzigo."

Jioni ile Sekela alimrekodi mama yake akichambua, akikaanga na kusaga, akaiweka video hiyo badala ya ile ya kwanza.

"Na makopo yaliyokwisha kuuzwa?" Sekela alimuuliza Gibson, aliyekuwa amepita kwao, kwa wasiwasi.

"Chukua la zamani, uskani."

Sekela akaskani. Mraba ulikuwa uleule, haukubadilika hata kidoa, lakini sasa alitokea mama yake akichambua karanga. Gibson akamweleza kwamba anwani ni ileile, kilichobadilika ni kilichomo. Sekela akawaza makopo yote yaliyo katika majiko asiyoyajua, kila moja sasa likimwonyesha mama yake.

Mama alimshika bega.

"Mraba huu unamleta mtu mpaka uani kwetu, Sekela," alisema. "Akifika, akute kile tulichomwonyesha."