Keji na Pampu ya Bustani

Kila asubuhi Keji aliteremka ukingoni mwa Nile, nje kidogo ya mji wa Juba, kwenda kumwagilia nyanya na bamia. Yeye na mumewe, Wani, walikuwa wamerudi kutoka Uganda baada ya vita kwisha kwa amani ya mwaka 1972. Walilima bustani pamoja na majirani zao. Maji waliyavuta mtoni kwa pampu ya dizeli, msaada kutoka ng'ambo walioletewa na mradi wa kilimo.

Siku moja pampu ilikohoa, ikanyamaza. Wani alizungusha hendeli mpaka jasho likamtiririka. Wapi!

"Imekufa hii," alisema. "Tuombe nyingine."

Keji alitazama nyanya. Majani yalikuwa yameanza kujikunja kwa jua la kiangazi. Wanawake wakabeba ndoo, lakini bustani ilikuwa kubwa, na udongo mkavu ulimeza maji yote.

"Mpaka hiyo nyingine ije, tutavuna nini?" Keji aliuliza. Akafunga kitenge vizuri, akaenda mjini kwenye ofisi ya mradi.

Alirudi ndani ya gari la Cirillo, fundi wa mradi. Watu walipoona sanduku kubwa nyuma ya gari, walipiga vigelegele. Cirillo alilifungua. Ndani mlikuwa na spana, mikanda na vichungio.

"Pampu mpya iko wapi?" Wani aliuliza.

"Hakuna, ndugu yangu. Wafadhili walishatuletea mashine nyingi. Ngapi zimelala porini, zimeota kutu kwa kukosa kifaa kidogo tu? Safari hii tumewaomba vipuri, zana na mafunzo. Haya, nani atajifunza?"

"Mimi," alisema Keji.

Mtu mmoja akacheka. Wani akamgeukia. "Unacheka nini? Kule Uganda, cherehani yetu ikiharibika, nani alikuwa anatengeneza? Si yeye?"

Keji alichukua spana, akafungua kichungio cha mafuta. Kilijaa tope jeusi.

"Dizeli mnaweka wapi?" Cirillo aliuliza.

Keji alionyesha pipa. Halikuwa na kifuniko.

"Basi vumbi linaingia humo, linakuja kuziba hapa. Injini inakosa mafuta. Haijafa, dada. Iko na njaa!"

Keji alifunga kichungio kipya.

"Bado hewa imebaki kwenye bomba la mafuta," Cirillo alisema. "Legeza skrubu hii, halafu sukuma mafuta kwa mkono."

Keji alisukuma. Povu likatoka. Akaendelea mpaka dizeli ikatoka safi, bila povu.

"Sasa kaza! Wani, zungusha!"

Injini ilikohoa. Ikakohoa tena. Mara ikanguruma! Maji yakaruka kutoka kwenye bomba, yakakimbia ndani ya mifereji. Wanawake wakaruka, wakacheza ndani ya matope. "Kweis! Safi kabisa!" Wani alipiga kelele, akamkumbatia mkewe mbele za watu.

Tangu siku hiyo pipa lilifunikwa, na dizeli ilichujwa kwa kitambaa safi. Keji alipima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha injini. Kichungio kikichakaa, alichukua kingine stoo ya mradi mjini. Nyanya ziliiva, wakazipeleka soko la Konyo Konyo, vikapu tele.

Wakiwa bado wanavuna, Natalina, mkulima wa bustani ya jirani, alikuja mbio.

"Keji, mama, pampu yetu imezima! Tufanye nini?"

Keji alitua kikapu, akabeba sanduku la zana.

"Twende," alisema huku akitabasamu. "Lakini utafungua wewe. Mimi nitasimama kando, nikuelekeze."