Neno la Antoinette

Rafiki yangu Jérôme Tshibangu, wa Schaerbeek, ni kiziwi. Mwaka 2018 mkewe, Antoinette, alimwambia neno akikata roho, naye hakulisikia. Neno hilo likamnyima usingizi. Baada ya kilio, binti yao Inès alimwekea kwenye simu programu inayoandika yanayosemwa karibu.

“Bon, papa, sasa hautaniuliza tena ‘nini?’ kila saa,” alimtania.

Jioni moja Jérôme alishuka peke yake katika chumba cha chini kuchukua viazi. Alipofika mwisho wa ngazi, taa ikazimika. Kama kulikuwa na sauti gizani, hakuisikia. Kioo cha simu kikaandika Numbi, jina ambalo Antoinette peke yake alikuwa akimwita, kisha polepole:

“Nilikuomba tushuke pamoja. Mbona umesimama?”