Betri ya Mama Becky

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Njambi huyajulia hali mayai yake. Hufungua mashine ya umeme ya kuangulia vifaranga, akapeleka mkono kusikia joto. Majirani wa Mutuini hununua vifaranga kwake. Lakini stima ya huku hupotea bila kuaga. Mara ya mwisho mayai yote yalipoa yakaharibika, na Njambi akalia kama aliyefiwa.

Safari hii mumewe, Muchiri, alileta betri kubwa. Kwa kuogopa wezi, aliifunga ukutani kando ya kitanda chao. Kisha akamwita jirani yao Lornah, fundi wa stima, aunganishe waya.

Lornah alipoiona alishika kiuno.

"Baba Becky, mnalala na hii?"

"Si ndio wezi wasiibebe?"

"Wakiibeba mtanunua ingine. Na ikishika moto mkiwa mmelala? Hapa siiungi."

Muchiri alipandwa na hasira. "Kwani nyumba si yangu? Natafuta ruhusa ya nani?"

"Nyumba ni yako. Waya za nje ni za watu wote. Betri ikiungwa vibaya, stima ikipotea inarudisha umeme kwa laini. Fundi wa kampuni ya stima amepanda nguzo, anajua hakuna stima. Utamuua, na hata humjui."

Njambi alimgeukia Lornah.

"Sasa tufanye nini, Lornah? Mayai yako ndani tayari!"

"Fundi awe na leseni ya mamlaka ya nishati. Mwitishe akuonyeshe. Hii hapa yangu. Kabla ya kuunga, tuulize kampuni ya stima inataka nini. Mkijenga chumba cha betri, ulizeni ofisi ya kaunti kama kinahitaji kibali. Msiulize majirani, sheria hubadilika."

Kawia ufike. Njambi alikwenda mjini kuuliza mwenyewe. Wakiwa bado wanangoja majibu, stima ikapotea. Njambi alijaza chupa maji moto, akazipanga ndani ya mashine, roho mkononi. Muchiri alinung'unika, lakini maji aliyachemsha.

Ruhusa ilipotoka, Lornah aliihamisha betri hadi ukuta wa mawe wa stoo, penye hewa ya kutosha. Akaweka swichi ya kuitenga nyumba na laini ya nje stima ikipotea. Ili kuzuia wezi, Muchiri alitia mlango wa vyuma unaopitisha hewa.

Siku ya kuangua, mvua ilinyesha na Mutuini nzima ikakosa stima. Mashine ya Njambi iliendelea kuvuma. Yai moja likapasuka, kisha lingine, kisha mashine nzima ikajaa milio. Njambi alipiga vigelegele kwa furaha, hata jirani yao Wangu akaita kutoka ng'ambo ya ua:

"Mama Becky! Kumezaliwa mvulana ama msichana?"

"Wote!" alijibu Njambi. "Na bado wanakuja!"