Nusu ya Mluzi

Keziah Pruett aliingia kwa mlango wa nyuma wa thieta giza likiwa limeshaanza kukaa juu ya paa za Hull, mji wa bandari wa Uingereza. Alikuwa ametumwa kiatu cha marehemu.

"Cha kushoto," Martha, mjane wake, alikuwa amemwambia, kile cha kulia amekipakata kama mtoto. "Kesho wazee wa baraza la uchunguzi wa kifo watamkagua. Sitaki wamtazame Elias wangu ana kiatu kimoja kama ombaomba. Nenda wewe, shoga yangu. Mimi kule sikanyagi tena."

Angekataaje? Martha ndiye aliyempokea alipofika mji huu akiwa hana kazi wala shali. Elias ndiye aliyemwombea nafasi jukwaani.

Na Keziah ndiye aliyemuua Elias.

Hakuna aliyejua.

Mama Ogden, mvalishaji, alikuwa amejiinamia kwenye kiti akishona. Alimpa mshumaa bila kuinua macho.

"Taa za gesi haziwashwi mpaka meneja aje. Na usikawie huko chini, nina gauni lako la kupanua kiuno. Wenzio wakifiwa hukonda, wewe unanenepa."

"Nakuja sasa hivi, mama."

Ngazi za kwenda chini ya jukwaa zilikuwa na unyevu. Keziah alishuka akiwa ameshika ukuta. Kila alipokanyaga, mbao zililia. Halafu ikamjia ile harufu...

Masizi ya kizibo.

Aliijua vizuri mno. Meneja aliwataka yeye na Elias wachome vizibo vya chupa na kujipaka masizi kabla ya kila onyesho. Weusi juu ya weusi. "Watu wamelipia weusi wanaoufahamu wao," alisema, na Elias akamjibu kwa heshima zote, "Basi bwana, na wewe jipake chokaa, tukuamini." Wote walicheka siku ile, hata meneja mwenyewe.

Lakini masizi yalichomewa juu, chumba cha kuvalia. Huku chini nani angechoma kizibo?

Aliinua mshumaa. Mbele yake kilisimama kibao cha mbao cha kupandishia waigizaji jukwaani, na kando yake vyuma vya uzito vikining'inia kwenye kamba. Hapa ndipo Elias aliposimama kila jioni akiwa amevaa kama jini. Jabez Tull, baharia wa zamani kutoka Barbados, aliachia vyuma, kibao kikapaa, na Elias akachomoza jukwaani kupitia kifuniko cha sakafu huku watoto wakipiga mayowe ya furaha.

Watu wa kamba wote walikuwa mabaharia, na waliamrishana kwa mluzi kama melini. Mluzi mmoja mrefu, unaopanda: achia. Ndiyo maana katika thieta hakuna aliyethubutu kupiga mluzi wake mwenyewe. Kosa hilo halikuwa na msamaha. Aliyelifanya alifukuzwa, na jina lake likatangulia kufika katika kila mji. Mzungu angeweza kwenda kuuza dukani. Keziah angekwenda wapi?

Jioni ile ya kifo cha Elias, meneja alikuwa amemwambia ataimba wimbo wa peke yake. Wa kwanza maishani! Alisimama pembeni ya jukwaa moyo ukimruka. Hakuruhusiwa kuimba pale, basi midomo ikamponyoka. Akapiga mluzi mwanzo wa wimbo wake, taratibu, kwa raha.

Mwanzo ule ulikuwa sauti moja ndefu, inayopanda.

Hakuufikisha mwisho. Chini ya miguu yake kitu kiligonga sakafu. Elias alikuwa ameinama juu ya kibao akifunga kamba ya kiatu, na kifuniko cha juu yake kilikuwa bado kimefungwa.

Sasa Jabez alikuwa mahabusu. Kesho baraza lingesema kama alimuua mwenzake kwa ulevi.

Kiatu kilikuwa nyuma ya nguzo, kamba zake zimelegea. Keziah aliinama akakichukua.

Kilikuwa na joto.

Kama kilichovuliwa sasa hivi...

Kisha akausikia. Nyuma yake. Karibu na sikio.

Mluzi.

Wimbo wake. Ulipanda, ukashuka, ukafika pale alipouachia yeye, ukanyamaza. Ukangoja.

Mshumaa ukazimika.

"Kezi..." Sauti ilikuwa ya upole, kama zamani. "Nilikuwa sijamaliza kufunga."

Kitu chepesi, kikavu, kikampita midomoni.

Hakukumbuka alivyopanda ngazi. Mama Ogden alikuwa amesimama, sindano mkononi, uso umemsawijika.

"Nani alikuwa anapiga mluzi huko chini? Unataka kutumaliza?"

Hapa ndipo angesema. Neno lilifika kooni kabisa.

"Si mimi, mama."

"Hee! Ulikuwa na nani, basi?"

Keziah alikibana kiatu kifuani. Mama Ogden akamsogelea, akamtazama.

"Na mbona umejipaka masizi mapema hivi?" akanong'ona. "Tena midomoni tu?"

Baraza lilikaa asubuhi kwenye chumba cha mbele cha baa ya jirani. Ghala la mapipa, ambamo Elias alilazwa, lilikuwa chini yao hasa, sakafu ya mbao tu katikati. Wazee walikuwa wameshamkagua na ghala limefungwa. Martha alikuwa amemvalisha marehemu kiatu mwenyewe kabla ya ukaguzi.

"Kamba zimenishinda," alimwambia Keziah, akamshika mkono wasikae mbalimbali. "Nimeziacha hivyohivyo."

Jabez aliletwa na askari. Alikuwa amezeeka.

"Nilisikia mluzi, mheshimiwa," alisema. "Mmoja, mrefu. Ningeviachiaje vyuma hivihivi? Elias alikuwa ndugu yangu."

"Mluzi wa jini la kwenye chupa huo!" meneja akadakia, na watu wakacheka.

Mchunguzi wa vifo aligonga meza. "Bibi Pruett. Wewe ulikuwa pembeni ya jukwaa. Ulisikia mluzi?"

Keziah alisimama. Usiku kucha alikuwa amelifanyia mazoezi neno moja. Hapana. Alimwona Jabez akimtazama, si kwa lawama, kwa matumaini, na hilo lilimchoma zaidi. Hata hivyo akafungua mdomo aliseme.

Halikutoka.

Midomo yake ilijikusanya yenyewe. Alionja masizi. Alijaribu kuifunika kwa kiganja, mkono ukawa mzito kama vile vyuma.

Akapiga mluzi.

Ulipanda, mrefu, safi, ukajaa chumba chote. Ukashuka, ukafika palepale, ukakatika.

Jabez akapiga hatua moja mbele.

"Ndio huo," Jabez akasema, machozi yakimtiririka. "Mungu wangu. Ndio huo!"

Taratibu sana, Martha akauondoa mkono wake kwenye mkono wa Keziah.

Na hapo ndipo, chini ya sakafu, mtu mwingine akaumalizia wimbo. Bila haraka. Sauti baada ya sauti, mpaka ya mwisho.

Wengine walikimbilia mlangoni. Mchunguzi alimtuma mwenye baa na ufunguo, na waliobaki wakasikiliza kufuli likifunguliwa, hatua zikishuka, kisha zikipanda mbio. Aliporudi alishika ukingo wa mlango kabla ya kusema.

"Hamna mtu. Ni yeye tu, kalala vilevile." Akamtazama Martha. "Ila... nani alishuka kumfunga kamba za kiatu?"

Jabez aliachiwa huru siku ileile. Alipita mbele ya Keziah akasimama, kama anayengoja kuambiwa jambo. Martha naye aligeuka pale mlangoni.

Keziah alitamani kuwaomba radhi. Lakini alihisi midomo yake ikianza tena kujikusanya, polepole, akaikaza kwa vidole vyote, asithubutu kuifungua.