Shahidi wa Mipista

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mehrangez alifagia theluji mlangoni, kisha akampelekea jirani yao, Bibi Oyniso, mkate wa moto kutoka tanurini. Majira ya baridi yalikuwa ukingoni. Juu ya kilima cha mipista, ile miti izaayo kokwa za pista, kinachoutazama mji mdogo wa Obishirin, theluji ilikuwa imebaki mabaka mabaka tu.

"Wenye misumeno wameshapanda kilimani," alisema Bibi Oyniso huku akiumega mkate. "Shangazi yako amewaamuru wakate miti yenye vitambaa vyekundu peke yake. Basi mimi sina wasiwasi na mpista wangu wenye shina pacha, ule wa kando ya njia. Mume wangu wa kwanza alinifia; ule ndio wa pili, na kunilisha hunilisha vizuri zaidi!"

Bibi alicheka. Mehrangez hakucheka.

Mwezi wa Agosti, kokwa za pista zilipoiva, Shangazi Sabohat, msimamizi wa kilima, aliwagawia wanafunzi kazi. Mti wenye kokwa ni jike. Usio nazo ni dume. Madume yalikuwa yamezidi, kwa hiyo mengine yangekatwa na visiki vyake kubebeshwa vikonyo vya jike ili navyo vizae. Majani yakishapukutika, jike na dume hufanana kama mapacha. Ndiyo maana madume ya kukatwa yalifungwa vitambaa mapema. Mehrangez alipewa vitambaa kumi na viwili. Vinne alivifunga kwa haki. Kisha akasikia ngoma za arusi mjini, na vile vinane vilivyosalia akavifunga kwenye miti ya kando ya njia, bila hata kuinua macho matawini. Jioni alimwambia shangazi yake, "Nimeikagua yote."

Sasa alitimua mbio. Kwenye kona ya shule alikutana na rafiki yake Parizod.

"We Mehrangez! Shule imehamia kilimani?"

"Vitambaa vyangu ni vya uongo, Parizod! Watakata miti inayozaa!"

Parizod alimshika mkono. "Basi si unyamaze? Miti haina mdomo. Nani atajua?"

Neno hilo lilimchoma kuliko upepo wa baridi. Mpista huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa. Ule wa Bibi Oyniso ulipandwa na baba wa bibi huyo. Mehrangez aliuchomoa mkono wake, akapanda kilima.

Alipofika, msumeno wa Davron, mmoja wa wakata miti, ulikuwa umeshauma gome la mti wenye shina pacha. Mehrangez aliukumbatia mti.

"Ondoka hapo, mtoto!" Davron alifoka. "Msumeno haujui jina la mtu!"

"Usikate, Mjomba Davron! Huu ni jike!"

"Jike? Na kitambaa hiki amekifunga nani, jini?"

"Nimekifunga mimi."

Shangazi Sabohat alikuja na fimbo yake mkononi. Mehrangez alimweleza yote, ngoma, uongo na hata maneno ya Parizod, wala hakujitetea.

"Vya kweli vingapi?"

"Vinne, Shangazi. Vile vya bondeni."

"Misumeno chini!" aliagiza shangazi. Kisha akapiga magoti penye theluji. "Njoo. Ulichokataa kukitazama juu, leo utakitafuta chini."

Aliiondoa theluji na majani makavu kwa viganja, akaokota ganda la pista lililopasuka. "Mama huacha alama za watoto wake. Tafuta maganda chini ya shina, kisha tazama vijiti vya vichala vya zamani matawini. Viwili hivyo vikikubaliana, ni jike."

Mti kwa mti, Mehrangez alichakura mpaka vidole vikafa ganzi. Kati ya miti minane, sita ilikuwa majike. Miwili ilikuwa madume kweli.

"Bahati yako," alisema Davron, ambaye sasa naye alikuwa amepiga magoti. "Nilianza na huu tu. Na msumeno wenyewe butu kama ulimi wa mkwe wangu."

Waliliziba jeraha la mti kwa udongo uliokandwa, wakalifunga kwa gunia. Bibi Oyniso alipofika akihema, alilipapasa gunia lile. "Alhamdulillahi," alisema, "mume wangu amekwaruzwa tu." Hapo watu wote wakaangua kicheko, na Mehrangez akacheka na kulia kwa pamoja, kifua chake kikiwa chepesi kama kwamba ametua mzigo wa kuni.

Shangazi Sabohat alikusanya vile vitambaa sita.

"Rafiki yako amesema kweli, miti haina mdomo. Na kwa kuwa haina, Mungu ametupa sisi ndimi, tuwe mashahidi wa miti. Ardhi hii ni amana, mwanangu. Ulipofunga bila kutazama, uliitolea ushahidi wa uongo. Leo ulipokiri mbele ya msumeno, umeitolea wa haki. Kukiri kumechelewa, lakini kumewahi."

Kisha akamtia vile vitambaa mkononi.

"Agosti utavifunga tena wewe. Na arusi ikipigwa ngoma, itakungoja."