Mtu wa Chini

Sakafu ya ghala ilikuwa imekauka yote isipokuwa mahali pamoja. Dada Deki alikuwa amepiga deki safu ya saba tangu asubuhi, sasa ni saa nne, wenzake wametoka kunywa chai, na pale chini ya taa ya katikati bado pana unyevu, duara dogo la upana wa sahani. Akapitisha tambara, pakakauka. Akageuka kulikamua, akarudi, duara lipo tena, na safari hii lilikuja na harufu, ile ya vumbi linaloungua juu ya taa ya moto, harufu aliyoifua kwenye mashati ya mumewe kila Jumamosi kwa miaka minne.

Hakupiga kelele. Angemwambia nani? Ukishaitwa mjane, kila unachokiona kinaitwa majonzi.

Mumewe alikuwa fundi wa taa katika ghala hilohilo, na palepale palipokataa kukauka ndipo alipoangukia miezi mitatu nyuma. Alianguka kutoka juu ya Twiga. Ndivyo walivyoiita mashine ya kupandia, kikapu cha chuma kwenye mlingoti unaorefuka, mtu anaingia, anabonyeza kitufe, anapanda mpaka darini. Twiga ana miguu minne ya pembeni. Sheria yake ni kwamba miguu ifunguliwe yote, ikanyage sakafu, ndipo taa nne za kijani ziwake na mashine ikubali kupanda. Lakini njia kati ya rafu ni nyembamba, na kukunja na kufungua miguu kwa kila taa ni kazi ya kutwa nzima, na msimamizi wao hakuitwa Bwana Haraka bure. Akafunga waya kwenye swichi za miguu. Twiga akadanganyika, taa zikawaka kijani huku miguu imekunjwa kama ya kuku aliyechinjwa. Halafu mtu wa chini, yule anayebaki sakafuni kumlinda mwenzake aliye juu, akaambiwa amsukume Twiga kutoka taa hadi taa bila kumshusha mtu.

Mtu wa chini siku ile alikuwa kaka yake Dada Deki. Tumbo moja, ziwa moja. Gurudumu likaingia kwenye ufa, Twiga akainama, basi.

Bwana Haraka aliondoa waya kabla hata mwili haujafunikwa. Akaandika kwamba fundi alikunja miguu mwenyewe kwa uvivu, akampa kaka kalamu, na kaka akatia sahihi. Siku ya tatu alikuja kumwambia dada yake yote, amekaa kizingitini analia, na dada akampiga kwa kandambili mpaka mkono ukachoka, kisha akampakulia chakula, maana angefanyaje, damu nzito kuliko maji. Bwana Haraka naye akampa mjane kazi ya usafi. "Usije ukasema hatukukujali," alimwambia. Kwa hiyo kila siku aliinama palepale, akisugua, na kila alipokamua tambara alisema kwa sauti ya chini, Bwana Haraka, na wewe siku moja utapanda.

Siku ya pili baada ya lile duara, Twiga alinguruma. Ulikuwa mchana kweupe, watu wanapanga maboksi, na ile sauti ya mota ikaanza, nguuu, ndefu, kama mtu anayejizuia kulia. Mweka stoo akajipapasa mfukoni.

"Ufunguo ninao mimi," akasema.

"Hebu tuone," akasema kaka.

Akautoa. Ulikuwa wa moto kiasi kwamba aliuangusha.

"Betri hiyo," Bwana Haraka akasema kutoka mlangoni. "Mashine zikizeeka zinaongea zenyewe kama bibi zenu. Kazi, kazi."

Watu wakacheka kidogo. Lakini walipokwenda kuangalia walimkuta Twiga ametoka kona yake, amesimama katikati ya safu ya saba, taa zote nne za kijani zinawaka, na miguu imekunjwa.

Siku ya tatu alimchukua kaka. Dada Deki alikuwa anarudi na ndoo, akasikia mtu anapumua juu ya kichwa chake, akatazama juu, na yupo, kaka yake, ndani ya kikapu, juu kabisa, ameshika ukingo kwa mikono miwili, na mlingoti unayumba taratibu huku na huku.

"Kaka," akanong'ona, aliogopa hata sauti yake isimsukume. "Umepandaje huko?"

"Sijui, dada. Nilikuwa nakunywa chai. Hata kikombe sijakiweka chini."

"Usitazame chini."

"Siwezi kutazama nyuma pia. Yupo."

"Nani?"

"Shemeji. Yupo nyuma yangu humu ndani, dada, ananiuliza kwa nini nilisukuma, ananiuliza tu, hata hajakasirika, na kila nikijibu Twiga anainama kidogo."

Kwenye kitako cha Twiga kuna kishikio chekundu cha dharura. Mtu wa chini akikivuta bila kukiachia, kikapu kinashuka polepole hata kama umeme haupo. Dada Deki alikivuta kwa mikono miwili, akihesabu pumzi, mpaka miguu ya kaka yake ikagusa sakafu. Nywele zake zilikuwa zinanuka vumbi lililoungua.

"Atarudi," kaka akasema. "Amesema leo alikuwa anapima tu."

Kesho yake hakuna aliyekubali kuingia ghalani, na Bwana Haraka, ambaye wateja walikuwa wanampigia simu kila dakika, mwenyewe akasema leteni mganga, leteni mnayemtaka, ila haraka.

Mganga alikuja saa nane mchana, mama mtu mzima mwenye mfuko wa sokoni na viatu vya mpira. Akazunguka Twiga mara moja. Akanusa kikapu.

"Marehemu amelala zake," akasema. "Huyu ni jini. Alikuwa anapita, akakuta damu na juu ya damu uongo, akapata pa kukaa. Sauti ya marehemu ameivaa tu, kama shati la kuazima."

"Una dawa, Bi Mkubwa?" akauliza mweka stoo.

"Uongo hauna dawa ya mizizi. Sheria za mashine hii zimeandikwa wapi?"

Wakamwonyesha kibao kwenye kikapu, kimejaa vumbi. Akataka mtu anayesoma vizuri, na Dada Deki akasogea, maana alimaliza sekondari. Mganga akasema isomwe sheria moja moja, na kwa kila moja aliyeivunja siku ile ajibu mimi, na zikiisha jini hatakuwa na pa kukalia.

"Ni jambo refu?" akauliza Bwana Haraka akiangalia saa yake. "Watu wananingoja."

"Kwa mkweli si refu, mwanangu."

Dada Deki akafuta kibao kwa kanga yake, akasoma. Mashine ikaguliwe kila siku kabla ya kupanda. "Mimi," akasema mweka stoo, sauti imekauka. "Nilikuwa natia alama wiki nzima siku ya Jumatatu." Mashine isisogezwe mtu akiwa juu. "Mimi," akasema kaka, na machozi yakamtoka, "mimi ndiye niliyesukuma, na nikaandika uongo." Mota ikanguruma kidogo, ikanyamaza, na kaka akashusha mabega kama mtu aliyetuliwa mzigo. Miguu yote minne ifunguliwe, na swichi zake zisifungwe wala kuchezewa.

Bwana Haraka akaangalia saa yake tena.

Akasoma tena. Watu wote wakamtazama Bwana Haraka, naye akatabasamu lile tabasamu lake la kazini. "Mnanitazama mimi? Ripoti ipo. Fundi alikuwa mvivu."

Hapo ndipo kiatu chake cha kulia kilipopiga hatua. Yeye mwenyewe alikitazama kwa mshangao, kisha cha kushoto kikafuata, na akaanza kutembea kuelekea kwa Twiga kiwiliwili chake kikivuta nyuma na miguu ikivuta mbele, mikono ikishika rafu, ikishika maboksi, ikimshika mweka stoo shati mpaka likachanika, anasema nishikeni, nishikeni jamani, lakini aliyemshika alihisi anashika mkanda wa mashine, na akaingia kikapuni, na mlango wa kikapu ukajifunga nyuma yake taratibu, na ile nguuu ikaanza, na miguu minne ya Twiga, ambayo kaka alikuwa ameifungua yote kwa mkono wake mganga alipofika, ikajikunja mmoja baada ya mwingine huku taa za kijani zikiwaka moja baada ya nyingine, na Bwana Haraka akapanda, akapanda, mpaka kichwa chake kikagusa dari na vumbi la taa likaanza kumnyeshea.

"Shika kishikio," mganga akamwambia Dada Deki. "Usishushe mpaka aseme. Akisema, mshushe mpaka chini, na yote yamekwisha. Umenisikia? Mpaka chini."

Akakishika. Kilikuwa baridi.

"Sema," akamwambia yule wa juu.

"Nilifunga waya," Bwana Haraka akalia kutoka darini. "Nilifunga mimi, nikaufungua mimi, hakuwa mvivu, mumeo hakuwa mvivu, nishushe dada yangu, nina watoto."

Ghala zima lilisikia. Alichokuwa anakitaka kwa miezi mitatu kilisemwa mbele za watu, na kaka yake amesimama pembeni salama, anapumua. Akavuta. Kikapu kikaanza kushuka, taratibu, kikafika nusu, na sauti ikamjia sikioni, karibu kabisa, kwa pumzi ileile aliyoizoea kitandani.

Mke wangu, inatosha?

Alifikiria neno uvivu lilivyoandikwa kwa wino wa bluu. Alifikiria tambara, na jinsi alivyolipwa kwa kusugua damu ya mumewe. Alifikiria wale watoto wa Bwana Haraka wenye baba, na mtoto wake mwenyewe wa miezi tisa ambaye hatajua hata baba alikuwa na sauti gani.

"Haitoshi," akajibu, na akafungua vidole.

Kikapu kikasimama kwa kishindo katikati ya hewa. Twiga, asiye na miguu, akainama.

Baadaye polisi waliandika walichoambiwa, kwamba mtu alipanda mwenyewe huku miguu ya mashine imekunjwa, akaanguka, akafa, na safari hii hakuna aliyelazimishwa kutia sahihi. Kaka hakumtazama dada yake machoni. Mganga alikusanya mfuko wake, akasimama mbele ya Dada Deki kidogo.

"Yule jini alikuwa na sauti tu," akasema. "Alihitaji mkono. Sasa umempa."

Akarudi nyumbani jioni, jua bado lipo, maziwa yameshamlowesha kifuani. Mama mkwe alikuwa sebuleni na mtoto mapajani. Kwa kawaida mtoto akisikia tu hatua za mama yake anatupa mikono. Leo alitulia. Dada Deki akaketi, akamchukua, akampa ziwa, na mtoto akageuza uso. Akampa la pili, akageuza uso tena, akajiviringa kumtaka bibi yake, kisha akanyamaza ghafla akitazama juu ya bega la mama, na macho yake yakaanza kupanda, polepole, kama yanafuata kitu kinachonyooka nyuma yake, yakapanda mpaka kwenye dari na kubaki hapo.

"Anatazama nini huyu?" akauliza mama mkwe.

Dada Deki hakugeuka. Alimkumbatia mtoto, na mtoto akawa mgumu mikononi mwake kama ubao.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "fungua mlango. Uache wazi kidogo."

Mama mkwe akainuka, akakitikisa kitasa, akakitikisa tena, akamgeukia mkwewe.

"Si umeufunga wewe ulipoingia," akasema. "Ufunguo uko wapi?"