Kigingi Kilichogeuzwa Mguu wa Chanja

Kila siku asubuhi, kabla ya kwenda shule, Nasma aliteremka ufukweni Ujiji kumsaidia bibi yake, Kuruthumu, kuanika dagaa. Zilikuwa siku za giza la mwezi na dagaa walivuliwa kwa wingi, hata chanja za waya zikalemewa.

Lakini ziwa halikuwa na heri mwaka ule. Maji yalipanda kimyakimya. Yalikuwa yamekwisha kumeza njia ya zamani na shamba zima la mihogo, na bado yalikuwa na njaa. Kwa hiyo manispaa iliagiza kila mtaa wa ufukweni uwe na kamati ya maafa. Kamati yao ilisimika kigingi chenye kichwa chekundu kwenye mteremko, chini kidogo ya nyumba ya jirani yao Winfrida, aliyekuwa amejifungua majuzi. Maji yakikigusa, Mzee Haruna wa kamati angetangaza kwa kipaza sauti, na watu wa bondeni wangehamia shuleni, kule mlimani. Na mtu yeyote ambaye angekigusa kigingi angenyang'anywa mahali pake pa kuanikia.

Asubuhi moja mguu wa chanja ya Bibi ulivunjika, dagaa wakamwagika mchangani. Nasma akatazama huku na huku. Kigingi kile kilikuwa cha mti mgumu, tena kimesimama bure! Akaking'oa, akakipandisha hadi kwenye chanja, hatua chache juu ya pale, akakifunga kwa kamba.

"Umepata wapi mti mzuri hivi?" Bibi aliuliza akiupapasa, maana macho yake yalikuwa yamefifia.

"Nimeuokota, Bibi."

"Mungu akuzidishie, mjukuu wangu."

Dua ile ilimchoma Nasma, lakini aliendelea kuwarudisha dagaa chanjani.

Jioni Mzee Haruna alipita barabarani, juu, kama desturi yake. Kwa mbali akaona kichwa chekundu kikiwa kikavu, asijue kwamba kimehama, akaridhika. Kesho yake akaona vilevile. Aliwaambia watu, "Hakuna shida, maji bado yako mbali."

Siku iliyofuata, baada ya shule, Nasma alikwenda kulitafuta lile shimo la kigingi. Halikuwapo. Mahali pale palikuwa maji, tena yalikuwa yamelipita shimo na kufika ukutani kwa Winfrida. Udongo wa ukuta ulikuwa umelowa na kuvimba. Ndani kitoto kililia. Upepo wa kusini ulianza kuvuma na mawingu yakalifunika ziwa. Nasma akawaza. Akisema, Bibi atapoteza mahali pake, asiposema, je?

Akatimua mbio hadi kwa Mzee Haruna.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kulikoni, mbona unahema?"

"Kigingi unachokiona hakiko mahali pake. Nilikihamisha mimi. Maji yako ukutani kwa Mama Winfrida!"

Mzee Haruna hakuuliza la pili. Alichukua kipaza sauti, na muda si muda bonde zima lilikuwa limeshtuka. Vijana walibeba magodoro, Winfrida akapanda mlima na mwanawe mgongoni. Mvua ikawapokea njiani.

Asubuhi ukuta uliotazama ziwa ulikuwa umeanguka juu ya kitanda cha Winfrida. Nasma alilia kwa hofu na aibu.

Bibi Kuruthumu hakusubiri kuambiwa ahame. Aliing'oa chanja yake mwenyewe, akarudisha kigingi kwa kamati. "Sheria ni sheria," alisema. "Nitaanika uani kwangu."

Mzee Haruna akashusha pumzi. "Hata mimi nina kosa, kuangalia kwa mbali. Kuanzia leo nitashuka hadi majini." Kisha akawageukia watoto waliokuwa wamekusanyika. "Manispaa inaweza kupanga, na kamati ikasimika vigingi. Lakini kinga ya mji iko mikononi mwetu sote. Anayeiharibu kwa faida yake ndogo anahatarisha roho za wenzake. Na mkikosea, semeni mapema. Ukweli ukichelewa, hauokoi mtu."

Nasma alimwendea Winfrida pale shuleni, hakuweza kuinua uso. "Nisamehe, Mama. Nyumba yako..."

"Yewe, Nasma, sikiliza," Winfrida alisema, akimfunua mtoto aliyelala. "Nyumba nitaijenga tena, huku juu. Huyu ningemjenga kwa matofali gani?"